Nahodha mpya katika bahari isiyo na jua

Wapenzi wengi wa michezo ya kompyuta wamezoea kwamba mtu akinunua mchezo wa meli hupewa chombo, mizinga na adui wa kupiga, kisha ushindi humjia mwenyewe akiwa mvumilivu. Mchezo uitwao Sunless Sea, yaani Bahari Isiyo na Jua, haukutungwa kwa mtindo huo. Tangu mwanzo humwonya mchezaji kwamba nahodha wake wa kwanza pengine atakufa, na kwamba huenda wale watakaomfuata wakafanikiwa.

Onyo hilo si mzaha wa watunzi. Nahodha akifa, amekufa. Meli yake huzama na kila kilichokuwamo, pamoja na saa nyingi ambazo mchezaji alizitumia kumlea. Wako wanaouacha mchezo siku hiyo hiyo, wakiamini kuwa wameshindwa na mazimwi ya kilindini. Lakini aliyekaa kidogo katika mchezo huu anajua kwamba mara nyingi kinachomwua nahodha mpya si zimwi. Ni pipa tupu la mafuta, maili nyingi kutoka bandari ya karibu, usiku ambao haujui kukucha.

Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ndogo ya Failbetter Games ya jijini London. Mwaka 2013 kampuni hiyo iliuomba umma uchangie gharama kwa njia ya intaneti, na tarehe 6 Februari 2015 mchezo ukatiwa sokoni kwa kompyuta za Windows na Mac. Baadaye ulihamishiwa kwenye iPad, mwaka 2018 ukafika kwenye PlayStation 4, na mwaka 2020 kwenye Switch. Nyongeza iitwayo Zubmariner, inayomwezesha nahodha kuizamisha meli yake na kusafiri chini ya maji, ilitoka mwaka 2016. Mchezo mwingine wa ukoo huo huo, Sunless Skies, ulifuata mwaka 2019.

Hadithi yenyewe ni ya ajabu, na inafaa ielezwe kabla ya ushauri wowote, kwa kuwa bila hiyo mambo mengi ya mchezo huonekana kama vituko visivyo na maana. Katika historia ya kweli, Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe, Albert, Desemba mwaka 1861, akavaa nguo nyeusi mpaka mwisho wa maisha yake. Watunzi wa mchezo wameuchukua msiba huo na kuupindua. Kwao, malkia alikubali kuuza mji wake ili mumewe aokolewe. Mwaka 1862 London nzima ikabebwa na popo, ikateremshwa ndani ya pango kubwa chini ya ardhi, kando ya bahari nyeusi isiyoonekana mwisho wake. Hakuna jua huko. Hakuna mbalamwezi. Watu wa mji wakaendelea na maisha yao, wakafungua maduka, wakaunda meli, na wachache wakaanza kwenda mbele gizani kutafuta mali au sababu ya kuishi. Hadithi ya mji huo ilikwishaanza kusimuliwa mwaka 2009 katika Fallen London, mchezo wa maandishi unaochezwa kwenye intaneti. Sunless Sea ndio uliowatoa watu mjini na kuwapeleka majini.

Mchezaji ni nahodha wa meli ndogo ya mvuke iliyokwishachakaa kidogo. Huionea kwa juu, kama ndege anavyoiona, ikiwa na taa moja mbele inayokata giza. Akifika bandarini picha hupungua na maneno huanza. Maneno hayo ni mengi sana. Asiyependa kusoma ahesabu kwamba mchezo huu haumfai, na si aibu kusema hivyo. Tena Kiingereza chake ni cha mtindo wa kale, chenye mizaha ya kuvuta pembeni, na baharini herufi hubadilishwa makusudi: neno la bahari hupewa zeti mahali pa esi, na baharia vivyo hivyo. Aliyejifunza Kiingereza shuleni Tabora au Kisumu, hata kama leo anaishi Birmingham au Minneapolis, atakutana na maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Lipo jambo la kumfariji. Wakati nahodha anaposoma bandarini, saa ya baharini imesimama. Mafuta hayaungui, njaa haizidi. Basi na asome polepole, na kamusi mkononi ikibidi, kwani sentensi aliyoiruka ndiyo mara nyingi iliyokuwa ikimwambia asile chakula alichoandaliwa.

Sasa tuingie katika hesabu ya mafuta, maana hapo ndipo uhai ulipo.

Mjini London pipa moja la mafuta huuzwa kwa Echo 10, hiyo ikiwa ndiyo sarafu ya mji, na fungu moja la chakula cha mabaharia kwa Echo 20. Bandari nyingi za mbali huuza kwa bei ya juu zaidi, na nyingine haziuzi kabisa. Kosa la kawaida la nahodha mpya ni kugawa pesa zake nusu kwa nusu, kwa kuwa moyo wa mtu huogopa njaa kuliko kuogopa baridi ya joko. Katika mchezo huu mafuta huisha upesi kuliko chakula. Mwenye pesa chache anunue mafuta kwanza, yawe mengi, kisha mafungu machache ya chakula, na kibakie kitu mfukoni. Asijaze ngama bidhaa za kuuza, kwa sababu kila pipa na kila fungu la chakula huchukua nafasi ile ile ambayo bidhaa ingechukua, na meli ya kwanza haina nafasi nyingi.

Manahodha wa majahazi ya pwani ya Afrika ya Mashariki waliujua msimu wao: kaskazi ikivuma walishuka kutoka Arabuni, kusi ikivuma walirejea, na upepo haukulipiwa. Nahodha wa Sunless Sea hana tanga. Kila hatua ya safari yake imenunuliwa, ya kwenda na ya kurudi, na wengi huisahau hii ya pili. Utaratibu unaofaa ni kugawa mapipa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kwenda, la pili ni la kurudi, na la tatu haliguswi, kwa ajili ya kupotea njia, kukimbizwa, au kukuta kwamba kisiwa kilichotarajiwa hakina kitu ila mwamba. Fungu la kwanza likiisha, meli igeuze omo kuelekea nyumbani, hata kama taa ya kisiwa kipya imekwishaanza kuonekana kwa mbali. Ni shauri gumu kulifuata. Kisiwa kipya huvuta sana. Lakini kisiwa kitakuwapo safari ijayo, ilhali meli isiyo na mafuta huelea tu gizani, na mchezo humwekea nahodha machaguo machungu ambayo kila moja lina gharama yake.

Ili hesabu hiyo isiwe ya kubahatisha, safari za mwanzo ziwe fupi. Mashariki na London, katika maji ya nyumbani, kuna Hunter's Keep, nyumba ya kale juu ya kisiwa ambamo dada watatu huwakaribisha wageni mezani. Kuna Mutton Island yenye wavuvi wake. Upande wa kaskazini kuna Venderbight, koloni la watu ambao hawakufa sawasawa, wanaojifunga sanda na kuishi miongoni mwa makaburi. Nahodha azizungukie bandari hizi mara mbili tatu, akiandika kwenye karatasi ni mapipa mangapi yaliyoungua kati ya mahali na mahali. Karatasi ya kweli na kalamu ya kweli. Mchezo haumwekei kumbukumbu hiyo. Baada ya hapo aongeze bandari moja moja mbele. Yuko pia popo wa melini anayeweza kurushwa akatafute nchi kavu iliyo karibu na kurudi na habari ya upande ilipo. Wageni wa mchezo humsahau popo huyo mpaka wanapokwisha kupotea.

Ramani ina hila yake. Pwani ya London na maji ya jirani hayabadiliki, lakini sehemu kubwa ya bahari hupangwa upya kila anapoanza nahodha mpya ambaye hakurithi ramani. Kwa hiyo ramani iliyochorwa na mchezaji mwingine husaidia kwa kiasi tu. Itaeleza kwamba kaskazini ni baridi na barafu, na kwamba kusini kuna joto na misitu. Haitaeleza kwa hakika ni kisiwa kipi kilicho nyuma ya kipi.

Taa ni jambo la pili ambalo wanaoanza hulichukulia wepesi. Iko kipimo kiitwacho hofu, kinachoanzia sufuri na kuishia 100. Kadiri meli inavyokaa gizani mbali na nchi kavu, ndivyo kipimo hicho kinavyopanda. Kikiwa juu, ndoto mbaya huanza kumwandama nahodha, mabaharia hunong'ona, na kikifika 100 mara nyingi hakuna tena wa kuamini kwamba kuna nyumbani. Taa ya omo ikiwashwa hofu hupanda taratibu, lakini taa hula mafuta, na tena huonekana na kila kiumbe kilicho mbele. Taa ikizimwa mafuta huokolewa na meli hupita kwa siri, ila hofu hupanda mbio. Hapo nahodha hana jibu moja la kudumu. Kwa jumla anayeanza afanye hivi: taa iwake katika safari ya kawaida, izimwe tu kwa dakika chache anapompita adui asiyemtaka, kisha iwashwe tena.

Afadhali zaidi ni kufuata maboya. Baharini kumetawanywa maboya yenye mwanga, na karibu nayo, kama ilivyo karibu na pwani, hofu hutulia. Njia ya kutoka boya hadi boya huonekana ndefu kwenye ramani, na nahodha mwenye haraka hukata katikati. Mwenye haraka huyo huokoa mapipa mawili na kurudi mjini na mabaharia waliorukwa na akili.

London yenyewe hutibu hofu kwa kiasi. Nahodha akitia nanga huku kipimo kimepita 50, hushushwa mpaka hapo 50, wala si chini zaidi. Kupungua zaidi kunataka muda na pesa za kutumia nchi kavu. Maana yake ni kwamba nahodha asiyeshughulikia hofu yake huanza kila safari akiwa nusu ya njia kuelekea wazimu, na safari ndefu za mashariki haziwezekani kwake. Wengi hawalitambui jambo hili mpaka nahodha wa tatu au wa nne.

Na mazimwi je? Yapo, ya kutosha. Kuna makundi ya popo, kuna yavuyavu wakubwa kama mtumbwi, kuna kaa waitwao Auroral Megalops ambao magamba yao hung'aa gizani, kuna papa. Kaskazini kuna vipande vya barafu vilivyo hai, ambavyo huonekana kama siwa barafu la kawaida mpaka vinapoanza kuifuata meli. Kuna hata mlima unaotembea baharini, Mt. Nomad, na mwenye meli ya kwanza akiuona asiwe na wazo jingine ila kugeuka.

Kanuni ya kwanza ya vita ni kwamba si lazima kupigana. Mchezo huu hautoi zawadi kwa ushujaa mtupu. Kila risasi iliyoipata meli ni ubavu wa kutengenezwa kwa pesa mjini, na kila baharia aliyekufa ni mkono uliopungua. Mabaharia wakipungua chini ya nusu ya idadi ambayo meli inaihitaji, mwendo wa chombo hushuka hadi nusu, na hapo hesabu yote ya mafuta iliyofanywa awali huwa imevurugika. Ndiyo maana nahodha mwenye busara huhesabu watu wake kwa makini kama anavyohesabu mapipa.

Ikiwa vita haviepukiki, basi iangaliwe namna bunduki kubwa ya meli inavyofanya kazi. Mzinga hauwezi kupiga papo hapo. Iko alama inayojaa polepole wakati adui yuko mbele ya mzinga, ndani ya masafa, na akionekana vizuri. Ikijaa ndipo risasi hupata shabaha. Fataki ya kumulika husaidia alama hiyo ijae haraka. Sasa, karibu kila adui wa mwanzoni ana nguvu upande wa mbele tu. Maharamia wa mashua ndogo za mvuke mizinga yao hutazama mbele. Kaa naye hukimbilia mbele kwa kishindo, kisha huhitaji kujigeuza. Kwa hiyo mahali salama pa kusimama ni nyuma ya adui, tezini kwake, huku meli ikizunguka pamoja naye polepole. Wachezaji wapya hukimbia kwa kasi kubwa wakipita huku na huku, nao hushangaa kwamba alama haijai. Mwendo mdogo ndio unaoshinda, na wakati mwingine kurudi nyuma.

Adui akishindwa, mchezo huuliza kinachukuliwa nini. Anayeanza na achukue chakula. Nyama ya kaa mmoja huweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kufika na kutofika, na yako mambo ambayo mabaharia wenye njaa hufikia kuyafanya kwa wenzao ambayo watunzi hawakuona haya kuyaeleza. Msikilizaji mwenye watoto wadogo nyumbani azingatie hilo. Damu haionekani sana machoni, lakini maandishi ni ya watu wazima.

Swali la pesa huwasumbua wote. Anayetoka katika michezo mingine ya biashara hudhani kwamba atanunua bidhaa rahisi hapa na kuuza ghali pale. Atachoka bure. Faida ya bidhaa za kawaida katika bahari hii ni nyembamba, na mara nyingi haitoshi kulipia mafuta ya safari. Kinacholisha meli mwanzoni ni habari. Makao makuu ya jeshi la wanamaji mjini London hulipa kwa ripoti za bandari: nahodha akifika bandari yoyote hutazama, huuliza, huandika, kisha huiuza ripoti akirudi. Bandari za mbali hulipiwa zaidi ya zile za jirani. Ripoti haichukui nafasi ngamani, na haiozi. Mkuu mmoja wa jeshi hilo, mwenye miwani myeusi, humpa pia nahodha kazi maalumu za kupeleleza mahali fulani, na kazi hizo zipangwe ziende njia moja na ripoti. Safari moja nzuri hubeba kazi tatu: ripoti za bandari nne tano, upelelezi mmoja, na abiria au mzigo wa mtu. Nahodha anayetoka London kwa kazi moja tu, kwa kawaida amekwishapata hasara kabla ya kulipita boya la kwanza.

Pesa za kwanza zikipatikana, tamaa huja ya kununua meli kubwa. Gati la Wolfstack lina meli za kuvutia macho, na bei zake ni za kutisha. Tamaa hiyo na isubiri. Meli kubwa ikiwa na injini ile ile ya zamani huenda polepole zaidi, na injini yenye nguvu zaidi hunywa mafuta zaidi. Yule ambaye jana alikuwa akipata faida ndogo kwa meli ndogo, kesho hupata hasara kubwa kwa meli kubwa. Pesa za mwanzo ziende kwenye mafuta ya safari ndefu zaidi, kwenye matengenezo, na kwenye mzinga ulio bora kidogo. Manahodha wengine wamefika mbali sana katika hadithi wakiwa bado na chombo kile kile walichoanza nacho.

Kuhusu sifa za nahodha, maneno machache yanatosha. Ziko tano, na majina yake ni ya mafumbo: Chuma ni ya nguvu za mizinga, Vioo ni ya kuona na kulenga, Shela ni ya kujificha, Mioyo ni ya ujasiri na huruma, Kurasa ni ya elimu. Mwanzoni mchezaji huchagua maisha ya zamani ya nahodha wake, kama vile askari mstaafu, mshairi, kasisi, mtaalamu wa sayansi au mtoto wa mitaani, na chaguo hilo huongeza sifa mojawapo. Anayependa kugundua asidharau Kurasa, kwa sababu elimu humpatia siri nyingi zaidi kila anapovumbua mahali, na siri hizo hubadilishwa na maofisa wa meli kwa sifa nyingine. Maofisa wenyewe, kuanzia msaidizi wa nahodha hadi mpishi na tabibu, wana hadithi zao, na baadhi ya hadithi hizo ni bora kuliko ile ya nahodha. Asiwachukue kwa ajili ya nambari tu.

Huulizwa mara kwa mara kama ni halali kuhifadhi mchezo kabla ya jambo la hatari na kurudi nyuma mambo yakiharibika. Mchezo wenyewe unaruhusu. Iko namna isiyosamehe, ambamo kila kitu hujihifadhi chenyewe na kifo hakina rufaa, na iko namna ya huruma, ambamo mchezaji huhifadhi apendapo. Wanaojigamba mtandaoni husema kwamba ya kwanza ndiyo halisi. Lakini mtu anayerudi kutoka zamu ya usiku hospitalini au ghalani, mwenye saa moja tu kabla ya kulala, hana sababu ya kuupoteza mwezi mzima kwa kaa mmoja. Namna ya huruma iliwekwa kwa ajili yake. Hofu hupungua kidogo, ni kweli, na hofu ni sehemu ya utamu. Hata hivyo maneno ni yale yale na bahari ni ile ile.

Lawama moja inayotolewa dhidi ya Sunless Sea ni ya haki. Meli huenda polepole mno. Safari ya kurudi London, ambayo nahodha amekwishaipita mara ishirini, huchosha hata wapenzi wa mchezo, na watengenezaji wangeweza kuifupisha bila kuharibu kitu. Wako wanaoitumia kusikiliza redio. Utetezi wake ni kwamba upole huo ndio unaoifanya taa ya bandari, inapotokea mwishowe, iwe na thamani. Utetezi huo una ukweli kwa safari tano za kwanza, na hupungua nguvu baadaye.

Limebaki suala la kifo, ambalo nahodha mpya hulifikiria akiwa amekwishachelewa. Mchezo huruhusu urithi. Nahodha anayemfuata aliyekufa huchagua uhusiano mmoja naye, na kila uhusiano huokoa kitu kimoja. Mmoja huokoa sehemu ya pesa. Mwingine huokoa ofisa. Yule aliyekuwa akiandikiana barua na marehemu hurithi ramani. Aidha, nahodha akiwa hai, anaweza kuandika wosia mjini London, kujipatia nyumba, na hata kupata mtoto, ili atakayekuja asianze na mikono mitupu. Gharama ya wosia si ndogo kwa mwenye meli ya kwanza, na wengi huiahirisha mpaka safari ijayo.

Kwa nahodha wa pili, ramani ni urithi bora kuliko pesa, ingawa wengi huchagua pesa. Nusu ya mali ya nahodha maskini ni kidogo, na itaisha gatini kwa mafuta ya safari mbili. Ramani ikirithiwa, visiwa hubaki pale vilipokuwa, na ile karatasi ya mapipa iliyoandikwa kwa kalamu bado ni sahihi: kutoka London hadi boya la mashariki, mangapi, kutoka boya hadi bandari, mangapi, na pale ambapo marehemu aliishiwa, alama ya msalaba. Anayechagua pesa hupata bahari iliyopangwa upya, na huanza kuandika karatasi nyingine.